Bi Mifugo Anajibu: Nyumba Yenye Nafasi ya Boksi Moja

Toleo lililopita niliandika kwamba kikundi chetu cha kuokoa wanyama hapa Tanga mjini hakina jengo wala banda, na kwamba tunachotafuta ni nyumba za watu. Mtu akae na mnyama wiki mbili, wiki tatu, pengine miezi miwili, amlishe, amwangalie, kisha amkabidhi kwa atakayemchukua moja kwa moja. Barua zikamiminika. Nyingine za maswali, nyingine za hasira, na moja imeandikwa na mtoto kwa kalamu za rangi. Hiyo sitaijibu hapa, mwenyewe nimeshamwendea kwao. Safu yote ya leo nimeipa jambo hili. Wenye kuku wanaokohoa na ng'ombe wasioshika mimba wanivumilie hadi toleo lijalo.

Wamebaki wanne kwenye boksi la sabuni

*Shikamoo Bi Mifugo. Naishi Makorora, vyumba viwili, watoto watatu, nauza vitumbua asubuhi. Paka wa pale sokoni amegongwa na bodaboda akafa, ameacha watoto wanne ambao bado hawajafumbua macho. Nimewaweka kwenye boksi la sabuni. Nimewapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, sasa wawili wanaharisha. Majirani wanasema niwarudishe sokoni, Mungu atajua. Mtu kama mimi anaweza kuwa mlezi, au kazi hii ni ya wenye nafasi?*
Mama wa watatu, Makorora

Marahaba mwanangu. Boksi lako nimeshaliona kwa macho, maana barua ya namna hii haingoji gazeti lichapwe. Lakini nayaandika hapa kwa ajili ya mwingine atakayekuta boksi kama hilo kesho.

Kwanza joto, maziwa baadaye. Mtoto wa paka wa umri huo hawezi kujipasha joto mwenyewe. Wiki tatu za mwanzo joto lake ni la mama na la ndugu zake. Akipoa, tumbo nalo husimama, na maziwa yanayoingia kwenye tumbo lililosimama humwua. Ukimgusa mdomo na tumbo ukaona baridi, usimlishe. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kanga, ilaze upande mmoja tu wa boksi ili akizidiwa aweze kujivuta upande wa pili. Wala usiseme Tanga kuna joto la kutosha. Usiku wa Julai, kusi ikivuma, sakafu ya saruji inawamaliza.

Maziwa ya ng'ombe yaache, hata yawe yamekamuliwa alfajiri hiyo. Yana sukari ambayo tumbo la mtoto wa paka haliimudu, ndiyo iliyowaharisha wale wawili, tena protini na mafuta yake ni machache kuliko ya mama yao. Yapo maziwa ya unga ya watoto wa paka. Sisi huyaagiza Dar es Salaam yakaja na basi, na kopo likifunguliwa tunagawana walezi wote. Kwa usiku mmoja wa dharura, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, ukakorogea kiini cha yai, yatakuvusha. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe. Mtoto alale kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake, kamwe asilale chali kama mtoto wa binadamu, kwa kuwa akiwa chali maziwa hupita njia ya hewa na mapafu hujaa homa. Nenda kidogo kidogo: mtoto wa gramu 100 tumbo lake halibebi zaidi ya mililita 4 kwa mara moja. Wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, usiku ukiwemo.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo linaua sana. Mtoto huyu hawezi kukojoa wala kunya mwenyewe. Mama humlamba ndipo atoe. Chukua pamba, iloweshe maji ya vuguvugu, mpanguse taratibu chini ya mkia kila unapomlisha, mpaka atoe. Utafanya hivyo hadi afikishe wiki tatu hivi. Na umpime kila siku saa ile ile. Mizani ya muuza viungo inafaa kabisa. Akiongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku, mko salama. Asipoongezeka, nitafute. Akipungua, usingoje kukuche.

Sasa swali lako lenyewe. Unauliza kama kazi ni ya wenye nafasi. Wewe saa tisa za usiku uko macho unaumua unga wa vitumbua, saa ambayo sisi wengine kuamka ni mateso. Hiyo ndiyo nafasi tuliyokuwa tunaitafuta. Umeona tulivyofanya: wale wawili wazima tuliwapeleka Mwanzange kwenye nyumba yenye paka aliyezaa karibuni, naye akawapokea akawalamba pamoja na wake, kama paka wengi wanyonyeshao wanavyofanya. Wanaoharisha hatukuwapeleka, maana hatukutaka kumtia ugonjwa aliye na watoto wake. Hao wamebaki kwako usiku, na mchana wako kwa mwalimu mstaafu wa barabara ya nyuma yako, ambaye haamki usiku lakini mchana kutwa yuko kibarazani. Wakifika wiki nne watakula dagaa waliochemshwa bila chumvi wakapondwa, na hapo watahamia nyumba ya tatu, yenye watoto na kelele. Nataka wazoee kelele. Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo mtoto wa paka anapojifunza kama binadamu ni rafiki au ni wa kukimbiwa, na somo hilo hulipata kwenye nyumba yenye sufuria zinazoanguka, adhana, redio na mikono ya watu wanaomshika kwa upole.

Nyumba tatu, na hakuna hata moja iliyobeba mzigo wote. Mtu mmoja mwenye jumba kubwa asingeweza kuwafanyia hivyo.

Nawe msomaji mwingine: ukikuta watoto wa paka wamelala kimya, matumbo yamejaa, hawana baridi, basi mama yao yupo, kaenda kutafuta riziki. Rudi nyuma, kaa mbali, angalia kwa saa kadhaa kabla hujagusa boksi.

Mke wangu ni mjamzito

*Bi Mifugo, mke wangu ana mimba ya miezi minne na amepokea paka wa kulea kutoka kikundi chenu. Mama yangu anasema paka huharibu mimba. Nimtoe?*
Mume, Sahare

Usimtoe, ila kuanzia leo kazi ya kinyesi ni yako. Hofu ya mama yako ina asili yake. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma ambacho kikimpata mama mjamzito kwa mara ya kwanza kinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na paka aliyeambukizwa hukitoa kwenye kinyesi. Hakitoki kwenye manyoya wala pumzi. Tena kinyesi kikishatoka, kijidudu huhitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo ukiuzoa mchanga wa paka kila siku bila kukosa, unakuwa umekiwahi.

Mkeo asizoe, na akilima bustani avae glavu. Tena mchunge nyama zaidi kuliko paka: mishikaki mibichi ndani na kachumbari isiyooshwa vizuri huwaambukiza watu hata wasiofuga chochote. Kliniki aseme kwamba nyumbani kuna paka. Nanyi mkiona wasiwasi umezidi, semeni tu, tutamhamisha paka bila lawama. Mlezi anayerudisha mnyama mapema kwa sababu za nyumbani kwake hajafanya kosa lolote.

Mbwa, na mimi ni Muislamu

*Asalaam aleikum Bi Mifugo. Kuna mtoto wa mbwa amejificha chini ya mkokoteni uani kwetu, watoto wa mtaa wanampiga mawe. Moyo unaniuma. Lakini sisi ni Waislamu, jirani zangu wameshaanza kusema. Nifanyeje?*
Msomaji, Msambweni

Waaleikum salaam. Mie si shekhe, na la dini utamalizana na imamu wako. Nitakwambia tu niliyofunzwa chuoni nikiwa mdogo, ambayo nawe bila shaka umeyasikia. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya mtu aliyeteremka kisimani kunywa maji, alipotoka akamwona mbwa anaramba udongo kwa kiu, akarudi chini akajaza maji kiatuni mwake akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba wakauliza kama kwa wanyama nako kuna ujira, wakajibiwa kuwa upo katika kila kiumbe hai. Kuhurumia mbwa, kwa hiyo, hakuna ubishi. Mazungumzo yako kwenye kumfuga ndani na kwenye twahara.

Sisi wa pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mate ya mbwa na umajimaji wake ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa katika hadithi. Tazama basi mambo yanavyowezekana: mtoto huyu akae uani kwenye kibanda cha mabati au hata kreti iliyofunikwa gunia, awe na bakuli lake lisiloingia jikoni, na wewe uwe na kanzu au dera la kazi hiyo tu. Hayo si maneno ya kubuni, wapo walezi wetu wanaoswali swala tano na ndivyo wanavyofanya. Ukiona hata hivyo ni vizito, utakuwa umemfaa vya kutosha ukimpa maji na kivuli hadi jioni, wakati mtu wetu atakapokuja kumchukua. Walezi wa mbwa wengi tunao Raskazone na Pongwe, kwenye viwanja vyenye uzio. Wewe tutakuletea paka, ambaye Mtume amesema si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani.

Wale watoto wa mawe, waite. Usiwafokee kwanza. Waambie ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inayokataza kumtesa mnyama, na waambie habari ya mtu wa kisimani. Kisha mmoja umpe kazi ya kupeleka maji. Nimeona mara nyingi anayerusha mawe kwa nguvu zaidi ndiye anayekuwa mlinzi mkali kuliko wote akipewa dhamana.

La mwisho ni la afya, na hili silifanyii upole. Mtoto wa mbwa asiyejulikana ametoka wapi asishikwe ovyo na watoto. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na siku kama hizo za chanjo ndipo tunapohitaji watu wa kujitolea wengi kuliko wakati mwingine wowote: wa kushika kamba, wa kuandika kadi, wa kupita nyumba kwa nyumba siku moja kabla. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba, hapo ng'ambo yetu tu, wamelionyesha hilo. Walichanja mbwa, kichaa kikakatika 2014. Kikaingia tena 2016, wakachanja tena, na 2018 kikakatika. Na Pemba karibu wote ni Waislamu kama wewe. Walitoka na mbwa wao wakawapeleka kwenye chanjo.

Sina nyumba, nina baiskeli

*Bi Mifugo, naishi chumba cha kupanga Nguvumali, mwenye nyumba hataki mnyama. Jioni baada ya kazi niko huru na nina baiskeli yenye kreti nyuma. Kuna ninachoweza kufanya?*
Kijana wa baiskeli, Nguvumali

Kipo, mjukuu wangu, na umechelewa kuniandikia! Watu wanaposikia habari za kuokoa wanyama wanamfikiria mwenye paka mapajani. Hawamfikirii aliyemleta.

Kazi yetu kubwa ni kufunga kizazi paka wa masoko na wa bandari. Ulaya paka hupumzika kuzaa siku zinapokuwa fupi. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili karibu mwaka mzima, kwa hiyo paka wetu hawapumziki. Jike hushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, huibeba siku 63 hadi 65, na hushika nyingine angali ananyonyesha. Tusipofunga kizazi, hata nyumba zote za Ngamiani zikijaa mabox ya watoto wa paka hatutamaliza.

Fuatilia basi safari ya paka mmoja wa soko la samaki la Deep Sea. Jioni mtu anakaa na mtego wa kizimba pale samaki wanapopakuliwa, anaweka kichwa cha samaki, anasubiri. Paka akiingia, mtego unafunikwa kitambaa ili atulie. Mtu mwingine anampeleka kwenye nyumba ya kulala usiku, kwa kuwa daktari hapasui usiku na paka mzima asile kabla ya upasuaji. Asubuhi mtu mwingine anampeleka kwa daktari wa mifugo. Akishapasuliwa, dawa ya usingizi humshusha joto, kwa hiyo anahitaji chumba kikavu chenye giza, mbali na paka wengine, na mtu wa kumchungulia hadi asimame sawasawa. Ncha ya sikio lake la kushoto hukatwa kidogo akiwa usingizini ili siku nyingine tumtambue kwa mbali tusimkamate bure. Kisha anarudishwa pale pale Deep Sea, kwa wavuvi wanaomjua.

Hesabu mikono iliyopita hapo. Daktari ni mmoja na alimgusa kwa muda mfupi. Waliobaki wote ni wenye mtego, wenye chumba cha usiku mmoja, wenye baiskeli. Mwezi uliopita upasuaji uliahirishwa, na sababu ilikuwa usafiri tu. Daktari alikuwepo, dawa zilikuwepo, paka alikuwepo kwenye mtego. Niliumia sana.

Njoo Alhamisi baada ya alasiri. Kreti yako itiwe kamba za kutosha na uwe na gunia safi la kufunika. Ukiwa na simu inayopiga picha nzuri itatufaa pia, maana mbwa mwenye picha inayoonyesha macho yake hupata watu haraka kuliko mbwa aliyepigwa kwa nyuma akiwa anakimbia.

Mama yangu ana paka 26

*Bi Mifugo, mama yangu alianza na paka wawili. Sasa ni 26. Usiku watu wanatupa watoto wa paka mlangoni kwake kwa sababu wanajua hatawakataa. Hela ya dawa yake ya presha inaishia kwenye dagaa. Paka wengine wanakohoa, macho yanatoa usaha, na anawaogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe ili kutoa viroboto. Juzi wamekufa wawili. Nikimwambia aache, analia.*
Binti, Duga

Mwanangu, simu hii ya dawa ya ng'ombe mpigie mama kabla hujamaliza kusoma. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina sumu ya jamii ya sipamethrini. Ng'ombe anaihimili, paka haimudu. Hutetemeka, hupata degedege, hufa. Na panadol vilevile: kidonge kimoja kinatosha kumwua paka. Sina shaka mama yako amewaogesha kwa mapenzi. Viroboto watolewe kwa kitana cha meno membamba na maji ya sabuni hadi daktari atoe dawa yao.

Sasa nikwambie ninavyoliona jambo lenyewe. Mama yako hajakosa. Mji mzima umemtwika yeye peke yake kazi ya nyumba ishirini, kisha mji huo huo unalalamika kuwa kwake kunanuka. Anayeshuka usiku na mfuko wa watoto wa paka akauacha mlangoni kwa mjane mwenye presha, huyo ndiye wa kusemwa. Nasema hili kwa uchungu, maana najua mmoja au wawili wa wanaofanya hivyo wanasoma safu hii.

Paka wengi wakibanana, ugonjwa hupanda haraka. Kuna kirusi cha paka cha jamii ya parvo kinachoweza kukaa kwenye sakafu na kwenye nguo hata mwaka mzima, na watoto wasiochanjwa hufa nacho kwa kutapika na kuharisha kabla hujajua kimeingia na nani. Hii ndiyo sababu sisi hatutaki jengo moja la kuwarundika. Tunataka nyumba nyingi zenye wanyama wachache, na kila mgeni akae peke yake siku 14 kwanza, sakafu yake ioshwe kwa sabuni, kisha kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, iachwe dakika kumi kabla ya kusuuzwa.

Mwambie mama hatuji kumnyang'anya. Tutaanza na majike, tuwafunge kizazi watatu watatu. Wenye macho mabovu watahamia kwa walezi watatu tofauti wakatibiwe. Watoto wa chini ya miezi minne tutawatafutia watu. Wale wazee anaowaita kwa majina yao watabaki kwake, na kikundi kitaleta dagaa ili hela ya presha inunue dawa ya presha. Kuhusu mlango, tumepata kijana wa jirani yenu atakayepokea mfuko wowote utakaoachwa na kuuleta kwetu asubuhi, usipite kizingiti. Mama aulizwe kwanza. Akikataa sehemu yoyote ya mpango huu, tutakaa naye hadi tuelewane. Nitakuja mwenyewe.

Komba mdogo

*Tumeokota mtoto wa komba karibu na Amani tulipokwenda matembezi. Tumemleta Tanga. Tumlee?* Wanafunzi wawili, Usagara

Hapana. Komba ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hafugwi bila kibali, hata kwa nia njema. Tena huenda hakupotea kabisa. Mama komba humficha mtoto kwenye matawi usiku anapokwenda kula, kisha humrudia. Piga simu leo ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, waambie hasa mlipomkuta, na msimpe maziwa wala ndizi mkisubiri. Mwekeni kwenye boksi lenye giza na matundu ya hewa, pasipo kumbembeleza. Mara nyingine mkimkuta, msimguse, ulizeni kwanza.

Binti yangu hataki kumtoa

*Bi Mifugo, tulimchukua paka wa miezi miwili kwa makubaliano ya wiki tatu. Sasa mmepata familia ya Muheza. Binti yangu wa miaka tisa amelia siku mbili, anasema hatamtoa. Nami pia nimemzoea, nasema kweli. Je, tumeshindwa kazi?*
Mama, Chumbageni

Mngeweza kukaa naye wiki tatu bila kumpenda, hapo ndipo ningekuwa na wasiwasi. Paka yule alikuja kwenu akijificha chini ya kabati na kupuliza kila akionwa. Sasa analala kwenye begi la shule. Familia ya Muheza wamemtaka kwa sababu ya kile alichofanya binti yako, na hilo nimewaambia.

Uamuzi ni wenu. Mkitaka awe wenu, semeni kabla ya Ijumaa nami nitawaeleza wale wa Muheza, wataelewa. Lakini nikwambie kitakachotokea, ili muamue mkijua. Kona yenu ya nyuma ya mlango itakuwa imejaa kwa miaka kumi au kumi na tano, umri wa paka anayetunzwa. Na kwenye orodha yangu hivi sasa nyumba zinazoweza kupokea paka mwoga na kumtuliza ni chache mno, yenu ikiwa mojawapo. Wanaotaka paka aliyekwisha tulia ni wengi. Wanaoweza kumtuliza ndio tunaowasaka.

Kwa binti, usimdanganye kwamba paka ametoroka wala kwamba ataenda kutembea tu. Mtoto wa miaka tisa anajua, na uongo huo atakukumbusha akiwa mtu mzima. Mpe kazi katika kuondoka kwake. Aandike karatasi ya mambo ambayo yeye tu anayajua: anapenda kukunwa wapi, anaogopa sauti gani, anakula nini kwanza. Akate kipande cha khanga analolalia paka kiende naye, kwa kuwa harufu ya nyumbani humtuliza ugenini. Akimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, awaulize wale watu maswali yote anayotaka. Nimewaambia wajiandae kuulizwa. Na wamekubali kutuma picha kila mwezi hadi mwisho wa mwaka.

Alie. Nawe ukilia mbele yake hakuna ubaya.

Mkimtoa, pumzikeni muda mnaoutaka. Boksi lioshwe kwa jiki na lianikwe juani siku nzima kabla halijarudi kwangu, kuna ndugu wawili wa Mabanda ya Papa, weusi wote, wanaolisubiri.